Samaki Juu ya Tangi

Kapita Adrien alimpiga kaka yangu kofi la kwanza siku ileile aliyoleta pikipiki, kabla nyundo haijagusa bati. Musonda alikuwa amemwuliza tu kama masanduku ya pembeni yafungukie juu au ubavuni.

"Unauliza sana," Adrien alisema, na mkono ukatoka upesi, kama wa mtu anayefukuza nzi.

Kisha akaeleza anachotaka kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba kofi lilikuwa salamu. Alikuwa amechumbia msichana huko Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Baada ya majuma matatu, Jumamosi asubuhi, angeondoka Élisabethville kwenda kujionyesha kwa wakwe. Barabara ya Kilwa ni nusu vumbi na nusu tope, naye alitaka kufika na suruali safi. Kwa hiyo pikipiki ile, Saroléa kuukuu aliyoinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akirudi kwao, ivikwe mwili mpya: kioo mbele, mabati mapana ya kukinga miguu, mabati marefu juu ya magurudumu, masanduku mawili ya nguo na zawadi. Na rangi ya divai kote, kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma.

"Nikiona alama moja," alisema, "moja tu, kama ya ukucha, weye unamujua Chomba."

Tulimjua Chomba. Alikuwa fundi cherehani wa barabara yetu, hapo Kamalondo. Alimshonea Adrien koti, mkono mmoja ukatoka mfupi. Adrien alimvunja taya kwa goti mbele ya wateja, na tangu siku hiyo Chomba alikuwa akinywa uji kwa bua la mpapai. Hakuna aliyemgusa Adrien. Aliwahi kuwa askari, akatoka huko na mkanda, viatu na fimbo ya ngozi ya kiboko, na sasa alikuwa kapita, yaani mkuu wa walinzi, kwenye kampuni ya mbao upande wa pili wa reli. Alikuja mjini kutoka mbali, na desturi zetu hakuzijua wala hakuziuliza.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji niliyomletea mgeni. Sikuweza kumpa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba masista shuleni walinifanya nirudie hata "ndiyo".

Mchana Musonda alikuwa kwenye gereji ya Mzungu mmoja mjini, akinyoosha milango ya magari. Jioni alifanya kazi ya Adrien uani kwetu. Bati alilipata kwenye mapipa ya mafuta. Alilipasua pipa kwa patasi, akalilaza juu ya mfuko wa mchanga, akaligonga kwa nyundo ya mti polepole kutoka katikati kwenda pembeni, hadi likajaa kama shavu la mtoto. Halafu alishika kipande cha chuma nyuma ya bati na nyundo ya chuma mbele, akalainisha. Hiyo nyundo ya chuma aliisugua uso wake kila Jumapili baada ya misa, ili isiache alama.

Alipopapasa bati alifumba macho.

"Kuya karibu, Edith. Weka kidole hapa. Unasikia bonde?"

Niliweka kidole. Nililisikia, jembamba kuliko uzi.

"Adrien atalisikia?" niliuliza.

"Adrien hatalisikia. Lakini miye nalisikia." Akagonga tena.

Kazi yangu ilikuwa mistari. Masista walinifundisha kutarizi, na Musonda aliona kwamba mkono unaofuata uzi unaweza kufuata ukingo wa tangi. Nilichora kwa burashi ya manyoya marefu, nikibana pumzi: mstari mmoja wa rangi ya maziwa kuzunguka kila sanduku, miwili kwenye tangi. Rangi ya divai ilikuwa kopo moja tu, masalio ya gari la daktari fulani. Kopo la pili halikuwako mjini. Musonda alilipima kwa kijiti kila jioni kama mgonjwa anayepima dawa.

Jumatano ya juma la mwisho, pikipiki ikiwa bado ya kijivu, tuliisukuma hadi kwa mtu mwenye mashine ya kuchomelea, akaze vishikio vya masanduku. Njia ilipita sokoni, na sokoni alikuwa Bwalya.

Bwalya aliuza samaki wakavu wa Kilwa. Alikuwa mtu mnene, kicheko chake kilifika mahali kabla yake. Yeye alikuwa wa ukoo wa Samaki, sisi wa ukoo wa Mamba, na kwa watu wetu mamba na samaki ni banungwe, watani wa kuzaliwa. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya mama yako, kubeba kuku wako, kuvaa kofia yako akaondoka nayo. Huna ruhusa ya kukasirika. Huna ruhusa ya kumshtaki popote, kwa mtu yeyote. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuzika, na utani anaendelea nao hata kaburini, mpaka mtu wa ukoo wako amjibu.

"He! Mamba!" Bwalya alipaza sauti nyuma ya vikapu vyake. "Leo umeiba wapi?"

"Niibe juu ya nini? Hii iko yangu," Musonda akasema.

"Yako! Na ule mukia utauweka wapi ukikaa?"

"Mu sanduku. Unaona nimetengeneza mbili? Moja ya mukia, moja ya samaki wa kula mu njia."

Wanawake wa soko walipiga makofi. Bwalya alijishika kichwa.

"Bamama, musikie! Mamba anapanda pikipiki, miye samaki natembea kwa miguu!"

"Samaki haina miguu," Musonda akasema, na soko lote likaanguka kwa kicheko.

"Nitaikamata!" Bwalya alipiga kelele tukiwa tayari tumepita. "Ile pikipiki yako nitaikamata, utaona!"

Mbele kidogo nilimvuta kaka yangu shati. "Yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "umemwambia ni yako."

"Ni mchezo, mutoto. Utani bila uongo iko nini?" Alikuwa bado anacheka. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena, isipokuwa mara moja.

Alhamisi alimwaga maji uani kutuliza vumbi, akaazima pampu, akapuliza rangi. Kopo liliisha sawasawa na bati la mwisho. Ijumaa mchana, yeye akiwa gereji, nilikuwa nimepiga magoti kwenye sanduku la kushoto nikimaliza mstari wangu, rangi ikiwa imekauka juu lakini ndani bado laini, Bwalya alipoingia uani. Mkononi alikuwa na kopo la rangi nyeupe na burashi pana, ile ya kuandikia majina ya maduka.

"Jambo, dada ya Mamba."

"Jambo, baba Bwalya."

"Mukubwa wako iko?"

"Iko kazini."

"Muzuri sana." Akafungua kopo kwa meno ya ufunguo.

Nilisimama. Nilijua anachotaka kufanya, na nilijua nifanye nini. "Baba," nilisema, "ile haiko yetu."

Bwalya alicheka hadi tumbo likatikisika. "Sikia mutoto! Kila muntu munungwe akimukamatia kitu anasema hivyo hivyo. Ile kuku haiko yangu! Ile kofia haiko yangu!"

Na ni kweli, wote husema hivyo. Mimi mwenyewe nilikwisha kumsikia mama yangu akimwambia hivyo mjomba wake Bwalya, mzee akiwa ameshika sufuria yetu, wote wawili wakicheka.

"Ni ya kapita," nilisema. "Kapita Adrien."

"Ya kapita! Kesho itakuwa ya gavana!"

Burashi ikagusa tangi. Ningeweza kushika mkono wake. Ningeweza kupiga yowe, majirani wakaja. Nilisimama pale na burashi yangu ndogo, nikitazama rangi nyeupe ikipita juu ya mistari yangu. Alichora samaki mkubwa, mdomo wazi, na mdomoni ukining'inia mkia wa mamba.

"Kesho asubuhi nitakuya na bantu waone," alisema, akaondoka akiimba.

Musonda alirudi jua likiwa bado juu ya paa. Alimwona samaki. Kwanza alicheka, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kisha akakaa juu ya mfuko wa mchanga.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, yaya."

"Kwa sauti gani?"

Niliosha burashi yangu.

Alikwenda nyumbani kwa Bwalya. Mke wake alisema ametoka mjini kungoja lori la samaki, atalala hukohuko na kurudi asubuhi. Musonda aliporudi alichukua kitambaa chenye petroli akajaribu kona moja. Nyeupe ilitanda ikawa ya pinki, na divai ikatoka pamoja nayo, hadi kijivu kikaonekana. Aliacha mara moja. Hatukuwa na rangi ya kufunika hata ukubwa wa kiganja.

"Maliza weye," aliniambia.

"Nimalize nini?"

"Samaki. Mutengeneze awe muzuri. Tutasema ni samaki wa Kilwa, tumemuweka juu ya kufurahisha bakwe ya kapita."

Nilifanya kazi mpaka giza likanizuia, na tena kulipopambazuka. Mkia wa mamba niliugeuza kuwa mawimbi. Samaki nilimpa magamba, moja moja, kwa rangi ya maziwa, kila gamba upana wa ukucha wangu mdogo. Lile doa la kijivu nikalifanya jicho. Musonda alinishikia taa. Shavu lake, pale alipopigwa siku ile ya kwanza, lilikuwa likirukaruka lenyewe.

Adrien alifika saa kumi na mbili na nusu, akiwa na koti jipya na glavu. Alizunguka pikipiki mara mbili. Alipapasa mabati ya miguu, akafungua masanduku, akafunga, akapiga kioo kwa kucha. Halafu akafika kwenye tangi, na fimbo ikapanda kutoka ubavuni mwake.

"Iko ya Kilwa, Kapita," Musonda alisema upesi. "Bakwe yako ni bantu ba ziwa. Bakiona ule samaki batasema, huyu mwanaume ametufikiri mbele ya kufika."

Fimbo ilibaki juu. Adrien aliinama. Aligusa gamba moja kwa ncha ya glavu, kisha jingine, akafuata mgongo wa samaki hadi mkiani.

"Nani alichora?"

"Dada yangu."

Alinitazama. Nilitazama miguu yangu.

"Iko muzuri," alisema, kama mtu aliyelazimishwa kutoa kitu mfukoni. Akashusha fimbo. Akapanda pikipiki, akanyoosha mgongo nyuma ya kioo, akashika usukani ili aone atakavyoonekana huko Kilwa. Nilivuta pumzi ya kwanza tangu jana.

Ndipo kicheko kikaja juu ya ua.

Bwalya aliingia akipiga beseni, na nyuma yake wanawake wa soko na vijana, watu kama kumi na watano. "Mamba! Samaki alikumeza! Mukuye muone, Mamba anatembeza samaki!" Walimnyooshea Musonda vidole, walinyooshea tangi, walishikana mabega kwa kucheka. Walikuwa wakimcheka kaka yangu, kama ilivyo haki yao. Lakini aliyekuwa amekaa juu ya samaki, kifua mbele, glavu mkononi, alikuwa Adrien.

"Banacheka nini?" Adrien aliuliza.

Musonda aliinua mikono kumnyamazisha Bwalya. Bwalya alidhani ni sehemu ya mchezo. Alidhani pia mtu yule wa koti, asiyemjua kwa sura, ni rafiki aliyekuja kutazama pikipiki ya Mamba.

"Na weye, mukubwa," alimwambia, "shuka, ule samaki atakuuma matako!"

Watu walilia kwa kicheko. Adrien alishuka polepole, akavua glavu, akaziweka juu ya kiti. Pigo la kwanza la fimbo lilimpasua Musonda kutoka nyusi hadi kidevu.

"Nani alifanya hii? Nani alitaka banicheke?"

"Miye," Musonda akasema.

Pigo la pili lilichukua jicho. Niliona. Nasema nilivyoona.

"Nani?"

"Miye."

Kicheko cha watu hakikukatika papo hapo. Kiliendelea kidogo chenyewe, kama pipa linaloviringika baada ya kuachiwa, kisha kikasimama. Bwalya aliangusha beseni.

"Bwana! Ni miye! Ni miye nilichora, yeye hapana!"

Musonda, akiwa amepiga magoti, damu ikimjaza mdomo, alisema, "Usimusikie. Ni munungwe yangu, anasema utani."

Adrien alitupa fimbo. Kwenye benchi ilikuwako nyundo ya chuma. Aliichukua akamwendea Bwalya, na Bwalya hakukimbia. Nyundo ilishuka begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Ikapanda tena, safari hii juu ya kichwa cha Bwalya. Kaka yangu, jicho la pili limejaa damu, hakuwa akiona chochote. Alifuata sauti, mikono mbele, akajitupa katikati yao.

Nyundo ile aliisugua kila Jumapili isiache alama. Iliacha.

Wanawake wa soko ndio waliomwangukia Adrien. Sikuwahi kujua beseni linaweza kufanya kazi hiyo. Walimpiga kwa mabeseni, kwa patasi, kwa nyundo ya mti, kwa vipande vya pipa vyenye makali. Kioo cha pikipiki kilivunjika juu ya uso wake. Chomba alitoka kibandani kwake, bila neno, kwa kuwa hakuweza kusema, akamkanyaga taya mpaka likaachia. Polisi walipokuja kumtupa Adrien kwenye lori alikuwa bado anapumua. Hayo niliambiwa. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Musonda juu ya mfuko wa mchanga. Vidole vyake vilitembea juu ya turubai la mfuko, polepole, vikitafuta bonde. Kabla ya saa tatu vilisimama.

Tulimzika kesho yake. Mjomba Kunda alifika kutoka Kinsevere na vijana watatu wa ukoo wetu, wamefunga mapanga ndani ya magunia.

"Bwalya atakuya kuzika," mjomba alituambia. "Ni haki yake. Ataingia mu kaburi, atafanya utani wake. Na sisi hatutamujibu. Muntu yeyote asimujibu. Akikosa jibu, bunungwe umekwisha, anabaki muntu tu aliyeua mutoto wetu. Na hatatoka mule."

Bwalya alikuja, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa. Nadhani alijua. Aliyaona magunia. Hata hivyo aliteremka kaburini kwa mkono mmoja, akalala chali kwenye udongo mwekundu, kama munungwe anavyopaswa.

"Mamba," alisema, na sauti ilikuwa imekauka, "umechelewa. Hapa samaki ameshalala. Tafuta pahali ingine."

Hakuna aliyesema kitu. Wanawake wa soko walimtazama mjomba. Mjomba aligeuza mgongo.

"Mamba," Bwalya alirudia, "mbona kimya? Umeogopa samaki?"

Gunia moja lilifunguliwa. Nilisikia chuma kikitoka. Kijana wa mjomba alisogea ukingoni, na Bwalya alimwona, akafumba macho, akabaki amelala.

Nilimchukia. Nataka hilo lijulikane. Niliona tena burashi ile ikigusa tangi, na nilitaka panga lishuke. Kisha nikamsikia kaka yangu, jicho moja limekwenda, akisema kwamba ni munungwe wake. Alikufa akilinda neno hilo.

"Toka, samaki," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Hata mtu aliyekuwa kando yangu hakugeuka.

"Toka, samaki!" Sauti ilinipasua koo, watu wakashtuka, na mjomba akageuka. "Toka mu kitanda ya yaya yangu! Anakuya sasa hivi, na tangu asubuhi ya jana hajakula!"

Mwanamke mmoja wa soko alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama mtu anayetapika. Mwingine akafuata, na mwingine, mpaka makaburi yote yakacheka na kulia, kwa kuwa mtu wa Mamba amejibu na ndivyo inavyofanywa. Mjomba Kunda alinitazama. Kisha akamwashiria kijana arudishe panga kwenye gunia.

Bwalya hakuweza kupanda kwa mkono mmoja. Nilipiga magoti nikampa wangu. Rangi nyeupe ilikuwa bado chini ya kucha zake.

"Ile nyundo yake ya mti nitaikamata," alisema akilia, maana munungwe lazima achukue kitu cha marehemu.

"Kamata," nikamwambia. "Ile ya chuma iko kwa polisi."